Kuandika nukta nundu kwa kibodi ya kawaida ya kompyuta

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Korogwe. Darasani kwangu wamo wanafunzi wawili wasioona wanaosoma pamoja na wenzao. Mashine ya Perkins, ya kuandikia nukta nundu (maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole), tunayo moja, na mara nyingi inakuwa mikononi mwa watoto wenyewe. Mimi nina kompyuta mpakato yenye kibodi ya kawaida. Je, naweza kuandika herufi za nukta nundu humo moja kwa moja, kwenye programu ya kuandikia, bila kununua kifaa kingine? Nimekuwa nikinakili alama kutoka kwenye intaneti moja baada ya nyingine, na zoezi la maswali kumi linanimalizia jioni nzima. Halafu nikishaandika, watoto watasomaje?

JIBU: Mwalimu, inawezekana, na kwa kibodi hiyo hiyo. Kunakili alama moja moja uache leo. Zipo njia tatu za kweli, na zote hazidai pesa: kuandika kwa vidole sita kama unavyofanya kwenye Perkins, kuandika faili la printa kwa herufi za kawaida, na kuiachia programu ya tafsiri ikubadilishie maandishi uliyokwisha kuyachapa. Ipi uishike inategemea sehemu ya mwisho ya swali lako, kwa hiyo nitaanzia huko.

Kioo cha kompyuta ni bapa. Nukta zinazoonekana hapo hazina nundu, na mtoto hawezi kuzigusa. Ndiyo maana kabla ya kuchapa chochote unapaswa kujua maandishi yako yataishia wapi. Yakienda kwenye printa ya nukta nundu, printa inataka faili la aina moja. Yakienda kwenye kifaa chenye pini zinazopanda na kushuka chini ya vidole, kifaa hicho kinapokea maandishi ya kawaida na kuyageuza chenyewe kupitia programu ya kusoma skrini, na wewe huna haja ya kuchapa nukta hata moja. Yakibaki kwenye kioo, msomaji wake ni mtu anayeona: wewe, mwalimu mwenzako, au mzazi anayejifunza nukta nundu ili amsaidie mwanawe. Walimu wengi niliozungumza nao walianza na nukta za kwenye kioo kwa sababu zinapendeza macho, kisha wakashangaa printa inapotoa karatasi isiyosomeka.

Tuziangalie kwanza hizo nukta za kwenye kioo, kwa kuwa ndizo ulizokuwa ukizinakili.

Ni alama za Yunikodi, orodha ya kimataifa inayoipa kila alama ya maandishi namba yake. Mwaka 1999, katika toleo la 3.0, Yunikodi ilitenga nafasi 256 kwa ajili ya nukta nundu, kuanzia 2800 hadi 28FF. Zinafika 256 kwa sababu kompyuta hutumia seli, yaani kisanduku cha herufi moja, ya nukta nane. Sisi tunaoandika kwa nukta sita (1, 2, 3 kutoka juu kwenda chini upande wa kushoto, na 4, 5, 6 upande wa kulia) tunahitaji 64 za mwanzo tu, yaani 2800 hadi 283F. Zimepangwa kwa hesabu safi kabisa. Kila nukta ina thamani yake: nukta ya 1 ni 1, ya 2 ni 2, ya 3 ni 4, ya 4 ni 8, ya 5 ni 16, ya 6 ni 32. Jumlisha thamani za nukta zilizoinuka, geuza jumla iwe katika namba za kizio cha kumi na sita (ambamo baada ya 9 hufuata A hadi F), uongeze juu ya 2800. Herufi m ina nukta 1, 3 na 4, jumla 13, ambayo katika kizio hicho huandikwa D. Basi m ni 280D: ⠍. Herufi h ina nukta 1, 2 na 5, jumla 19, yaani 13 ya kizio hicho, kwa hiyo ni 2813: ⠓. Neno mama linakuwa ⠍⠁⠍⠁.

Ukishaijua hesabu hiyo unaweza kuingiza alama yoyote bila kuitafuta mahali. Kwenye Microsoft Word andika 280D kisha bonyeza Alt na X kwa pamoja, namba itageuka kuwa ⠍. LibreOffice nayo inakubali Alt na X. Kwenye programu nyingi za Linux unabonyeza Ctrl, Shift na U, unaandika 280D, unamaliza kwa kitufe cha nafasi. Kwenye Vim, ambayo ni kihariri cha maandishi, ukiwa katika hali ya kuandika, ni Ctrl na V, kisha u, kisha 280d. Emacs, kihariri kingine, inataka Ctrl-x, 8, Enter, halafu namba. Kwenye Mac unaongeza kwanza mpangilio wa kibodi unaoitwa Unicode Hex Input, kisha unashikilia kitufe cha Option huku ukiandika namba.

Njia hii inafaa unapotaka alama moja au mbili, kwa mfano kumwandikia mwalimu mwenzako maelezo kwamba herufi fulani ina umbo fulani. Kwa zoezi zima haifai. Itakuchosha vilevile kama kunakili.

Sasa tuje kwenye vidole sita, ambako wewe mwenye Perkins una nguvu kuliko fundi wa kompyuta asiyeijua.

Mwaka 1892 Frank Hall, aliyekuwa msimamizi wa shule ya wasioona huko Illinois, Marekani, alitoa mashine ya kuandikia yenye vitufe sita, kila nukta na kitufe chake, vikabonyezwa pamoja. Mashine ya Perkins, iliyobuniwa na David Abraham na kuanza kutoka mwaka 1951, ilishika wazo hilo hilo: nukta 3, 2, 1 upande wa kushoto, kitufe cha nafasi katikati, nukta 4, 5, 6 upande wa kulia. Kibodi ya kompyuta inaiga mpangilio huo kwenye mstari wa katikati wa herufi. Weka mikono kama mchapaji wa kawaida. Kidole cha shahada cha kushoto kiko juu ya F, hiyo ni nukta ya 1. Cha kati kiko juu ya D, nukta ya 2. Cha pete kiko juu ya S, nukta ya 3. Mkono wa kulia, J ni nukta ya 4, K ya 5, L ya 6. Gumba linabaki kwenye nafasi. Kibodi nyingi zina vijistari vya kugusa kwenye F na J, kwa hiyo hata asiyeona anajua vidole vya shahada vikae wapi.

Unabonyeza kwa pamoja kama vitufe vya kinanda. Ukitaka m, unashusha F, S na J, kisha unaviachia. Programu inasubiri mpaka kidole cha mwisho kiinuke ndipo inaandika seli. Hii ina faida kubwa: huhitaji kushusha vidole kwa mpigo mmoja kamili. Ukichelewesha kimoja, bado kitaingia katika seli hiyo mradi hujaviachia vyote. Waandishi wa Perkins wenye mikono mizito wanaliona jambo hili jepesi tangu siku ya kwanza.

Kibodi yenyewe hata hivyo haitafanya hivi bila kuambiwa. Inahitaji programu inayoelewa kwamba F na S na J ni seli moja. Kama unatumia Linux, imo ndani tayari: upo mpangilio wa kibodi unaoitwa brai. Kwenye X11, mfumo wa kuonyesha madirisha katika Linux, amri ni hii:

setxkbmap -layout us,brai -option grp:alt_shift_toggle

Baada ya hapo Alt na Shift vinakupeleka kwenye nukta nundu na kukurudisha kwenye herufi za kawaida, na nukta zinaingia katika kihariri kinachoupokea mpangilio huo. Usiandike setxkbmap brai peke yake kama maelezo mengi yanavyosema, kwa sababu ukishaingia humo herufi zako za kawaida zimeondoka, na huna tena namna ya kuchapa amri ya kurudi. Katika mpangilio huo A ni nukta ya 7 na kitufe cha nukta-mkato ni nukta ya 8, wewe viache. Zipo pia namna zake za mkono mmoja, wa kushoto au wa kulia, kwa mwandishi mwenye udhaifu wa mkono, na nadhani walimu wa elimu maalumu wangefurahi kulijua hilo mapema zaidi.

Kwenye Windows ninakushauri programu mbili za bure. Perky Duck ya kampuni ya Duxbury ni ndogo, inafunguka haraka hata kwenye kompyuta nzee, na haina kazi nyingine ila hii: vitufe sita, nukta kwenye kioo, faili la printa mwishoni. BrailleBlaster, inayotolewa na American Printing House, ni kubwa zaidi. Imetengenezwa kwa ajili ya kuandaa vitabu vizima, ina tafsiri ndani yake na ina pia hali ya vitufe sita. Kwa zoezi la maswali kumi, Perky Duck inatosha.

Kabla hujaanza kazi, pima kibodi yako. Ndani ya kibodi, nyaya zimepangwa kwa safu na mistari inayokatana, na kibodi nyingi za bei nafuu haziwezi kutambua baadhi ya vitufe vikibonyezwa vingi kwa wakati mmoja. Anayechapa kawaida hagundui kamwe, kwa kuwa anabonyeza kimoja kimoja. Wewe utagundua mara moja. Shusha vitufe vyote sita kisha achia. Ukipata ⠿, kibodi iko salama. Ikikosekana nukta, jaribu y, yaani nukta 1, 3, 4, 5, 6, vitufe F, S, J, K, L. Kisha w, nukta 2, 4, 5, 6. Kisha n na t. Herufi hizi nne nimezichagua kwa makusudi, maana Kiswahili hakiendi mistari miwili bila wa na ya na ni na tu. Kibodi inayokataa y haitakufaa hata kama inaandika herufi nyingine zote. Dawa yake ni kuchomeka kibodi nyingine ya waya kwenye tundu la USB na kuipima hivyo hivyo. Nenda nayo kompyuta dukani ujaribu kabla ya kulipa. Bei haikuambii lolote hapa: ipo ya bei ya chini inayopita jaribio, na ipo ya bei kubwa inayoshindwa.

Herufi zenyewe unazijua, lakini kwa wasomaji wengine wanaopitia jibu hili nitazipitia haraka, kwa sababu mpangilio wake unarahisisha mno kukariri. Herufi kumi za kwanza hutumia nukta nne za juu tu: a ni 1, b ni 1 na 2, c ni 1 na 4, d ni 1, 4, 5, e ni 1 na 5, f ni 1, 2, 4, g ni 1, 2, 4, 5, h ni 1, 2, 5, i ni 2 na 4, j ni 2, 4, 5. Kumi zinazofuata, k hadi t, ni zile zile kumi zikiongezwa nukta ya 3. Kisha u, v, x, y, z ni tano za mwanzo zikiongezwa 3 na 6. Herufi w haimo katika mfuatano huo, nayo ni 2, 4, 5, 6, kwa sababu Louis Braille alipochapisha mfumo wake mwaka 1829 Kifaransa hakikuwa na haja nayo, ikaongezwa baadaye. Ukimfundisha mzazi, mfundishe kumi za kwanza kwa wiki nzima. Nyingine zitakuja zenyewe.

Sasa printa. Hapa ndipo penye siri nzuri kuliko zote katika jibu hili, na ninasikitika kwamba walimu wachache huambiwa.

Faili linalotumiwa sana na printa za nukta nundu huitwa BRF. Ukilifungua kwenye Notepad huoni nukta. Unaona herufi za kawaida, tarakimu na alama za uandishi. Kila alama moja kati ya 64 inasimama badala ya seli moja ya nukta sita. Herufi a inasimama badala ya nukta ya 1, m badala ya 1, 3, 4, na kadhalika: herufi zote ishirini na sita zinajiwakilisha zenyewe. Maana yake, mwalimu, ni kwamba Kiswahili cha daraja la kwanza, yaani kisicho na vifupisho, unaweza kukichapa kwenye Notepad kwa kasi yako ya kila siku, bila programu yoyote ya nukta nundu, na printa itatoa karatasi sahihi. Unachohitaji ni kukariri alama chache ambazo hazifanani na sura zake.

Alama ya herufi kubwa, nukta ya 6, ni mkato wa kawaida, unaowekwa mbele ya herufi. Mkato wa sentensi, nukta ya 2, huandikwa 1. Nukta-mkato ni 2. Nukta mbili ni 3. Kikomo, nukta 2, 5, 6, ni 4. Alama ya mshangao ni 6. Alama ya kuuliza ni 8. Alama ya namba, nukta 3, 4, 5, 6, ni #, na baada yake tarakimu huandikwa kwa herufi a hadi j, ambapo a ni 1 na j ni 0. Kistari na kile kimkato cha juu cha ng' havibadiliki. Kwa hiyo sentensi hii:

Habari, mama. Ng'ombe 12 na mbuzi 5.

katika faili la BRF inakuwa:

,habari1 mama4 ,ng'ombe #ab na mbuzi #e4

Isome mara mbili na utaona hakuna kigeni ndani yake. Hizo ni alama zilizozoeleka katika nukta nundu ya Kiingereza; kama shule yenu ina mwongozo wa Kiswahili wenye alama tofauti, fuata mwongozo wenu. Lipe faili jina linaloishia na .brf badala ya .txt wakati wa kuhifadhi. Vunja mistari wewe mwenyewe kwa Enter, kwa sababu printa haikupangii aya. Karatasi pana ya nukta nundu ya Kimarekani hubeba seli 40 kwa mstari na mistari 25 kwa ukurasa, na mafaili mengi utakayoyakuta yamepangwa hivyo. Karatasi ya A4 ni nyembamba, hubeba seli chache kuliko hizo, kwa hiyo muulize mwenye printa idadi kabla hujapanga. Mstari ukizidi hata kwa seli moja, neno litakatika katikati na mtoto atalisoma kama maneno mawili.

Kama hamna printa karibu, bado hujapoteza kazi. Andika zoezi jioni kwa nukta za Yunikodi au kwa Perky Duck, kisha asubuhi lichape kwa Perkins huku ukitazama kioo. Kuchapa kutoka kwenye rasimu iliyokwisha sahihishwa ni haraka mno kuliko kutunga papo hapo juu ya karatasi isiyofutika vizuri, na mashine inabaki na watoto muda mwingi zaidi. Ukitumia kibao na kalamu ya kutobolea badala ya mashine, kumbuka kwamba unatoboa kutoka kulia kwenda kushoto na nukta 1, 2, 3 zinahamia upande wa kulia. Kwa kazi ya kibao usitazame picha za nukta kwenye kioo, zitakuchanganya. Tazama maandishi ya kawaida na uache mkono ukumbuke.

Njia ya tatu ni tafsiri. Kama zoezi lako limo kwenye kompyuta tayari kwa maandishi ya kawaida, hakuna sababu ya kulichapa upya. Programu huria ya kutafsiri iitwayo Liblouis ndiyo iliyomo ndani ya NVDA (programu ya bure ya kusoma skrini), BrailleBlaster na nyinginezo nyingi, na ina majedwali ya tafsiri ya lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo: yapo majedwali ya Kenya ya daraja la kwanza na la pili (lenye vifupisho), ambayo majina yake huanza na sw-ke. Kwa anayetumia Linux, amri inakuwa hivi, JEDWALI ukiweka jina la faili la jedwali ulilochagua:

lou_translate unicode.dis,JEDWALI < zoezi.txt > zoezi-nukta.txt

Hapo utapata nukta za Yunikodi. Ukiweka en-us-brf.dis mahali pa unicode.dis, utapata herufi za BRF kwa ajili ya printa. Asiyependa amri atumie BrailleBlaster, akiangalia kwanza kama jedwali la Kiswahili limo kwenye mipangilio yake.

Ninakuomba sana jambo moja hapa. Usipitishe Kiswahili kwenye jedwali la Kiingereza la daraja la pili. Jedwali hilo lina vifupisho vya Kiingereza na halijui kwamba lugha ni nyingine. Litachukua neno habari, likute a na r zimefuatana, liziweke pamoja katika seli moja ya nukta 3, 4, 5. Litachukua shamba na kufanya sh kuwa seli moja. Mtoto wa darasa la tatu anayesoma Kiswahili herufi kwa herufi atakutana na alama asiyofundishwa katikati ya neno analolijua vizuri kwa masikio, naye atadhani amekosea yeye. Nimeona karatasi za mtihani za namna hiyo zikigawiwa. Mtoto hana namna ya kujitetea mbele ya karatasi iliyochapwa vibaya, kwa sababu msimamizi aliye mbele yake kwa kawaida haisomi. Kwa madarasa ya chini tumia daraja la kwanza, na kabla ya kuchapa nakala nyingi mpe msomaji mzoefu wa nukta nundu nakala moja aisome kwa sauti huku wewe ukifuatilia. Hesabu nazo zina mfumo wake, na si sahihi kuzipitisha kwenye jedwali la maandishi. Milinganyo na sehemu ziandike mwenyewe kwa vitufe sita, kwa mfumo uleule unaotumika katika vitabu vyao vya hesabu.

Kuhusu kihariri chenyewe, mambo matatu madogo yatakuokoa. Ukiona visanduku vitupu badala ya nukta, fonti haina alama hizo: kwenye Windows chagua Segoe UI Symbol, kwenye Linux DejaVu Sans, kwenye Mac ipo Apple Braille. Ukihifadhi faili lenye nukta za Yunikodi, hakikisha usimbaji (encoding) ni UTF-8, la sivyo ukilifungua kesho utakuta alama za kuuliza tupu na maandishi yamepotea moja kwa moja. La tatu ni nafasi kati ya maneno. Yunikodi ina seli tupu ya nukta nundu, namba 2800, na kwa macho inafanana na nafasi ya kawaida, lakini kompyuta haihesabu kuwa ni nafasi. Ukitafuta nafasi haitaipata, na ukihesabu maneno aya nzima inaweza kuonekana kuwa neno moja. Chagua moja, uitumie hiyo hiyo katika faili zima. Mimi hutumia nafasi ya kawaida kwenye rasimu za kusahihisha.

Usiwatumie wasioona ujumbe wa simu ulioandikwa kwa nukta za Yunikodi ukidhani unawaheshimu. Programu ya sauti ikikutana na ⠍ inaweza kutaja namba za nukta badala ya kusema m, au kunyamaza kabisa. Mzazi asiyeona anayetumia simu yenye sauti mwandikie maandishi ya kawaida. Simu itamsomea.

Limebaki swali ambalo hukuuliza, na ningekuwa mwalimu wa watoto hao ningelifikiria kabla ya mengine. Vitufe sita si vyako peke yako. Weka NVDA, kisha uongeze kiendelezi chake kinachoitwa PC Keyboard Braille Input, ukikagua kwanza kama toleo lake linakubaliana na toleo la NVDA uliyo nayo. Kwa hicho, mtoto anabonyeza F, D, S, J, K, L kama anavyobonyeza Perkins, na kwenye kioo zinatokea herufi za kawaida. Anayeandika anaandika nukta nundu, wewe unasoma Kiswahili cha kawaida papo hapo, na sauti ya NVDA inamrudishia alichokiandika ajisahihishe. Ukiwa na simu ya Android badala ya kompyuta, TalkBack, programu yake ya kusoma skrini, inayo kibodi ya nukta nundu ya kwenye kioo tangu mwaka 2020, na iPhone ilipata ya kwake mwaka 2014 na iOS 8.

Anza hivi: jioni moja pakua Perky Duck, pima ⠿ na y, andika zoezi la maswali matatu. Siku ya pili andika maswali yale yale kwenye Notepad kwa namna ya BRF, ulinganishe mafaili mawili mstari kwa mstari. Yakifanana, utajua kwamba unaandika sawasawa kwa njia zote mbili, na lile la Notepad unaweza kulituma kwa barua pepe kwa chuo au shule maalumu yoyote yenye printa wakuchapie.